Mwiko wa Mayai

Kabla sijarudisha funguo za maabara, wenzangu mliniomba niandike niliyoyaona kazini, ili vijana wanaoingia wasianze kila kitu upya. Nimekubali kwa sharti moja. Sitaandika lini nilipandishwa cheo wala nani alikistahili zaidi yangu. Hayo yamo kwenye majalada, na majalada yana subira kuliko wasomaji. Nitaandika habari za magome, mayai, na kile kikaango kilichofungwa kwenye plastiki katika kabati la sumu, ambacho kila mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hukiulizia na kila mmoja wenu humjibu uongo tofauti.

Siku yangu ya kwanza Daktari Bugumba hakunionyesha hadubini. Ndiye aliyeianzisha hii maabara yetu ya dawa za asili hapa Shinyanga, mfamasia mrefu, mkimya, ambaye alivaa koti jeupe hata akienda sokoni kununua nyanya. Alinionyesha beseni lililojaa chupa chafu, akanipa burashi. Nilipomaliza alichukua chupa moja, akaiinua dirishani, akaitazama kwa chini na kwa juu, kisha akairudisha kwenye beseni. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu bado kinanukia wino, nikaona mzee ananionea. Niliosha chupa mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba masalia ya dawa ya jana yakibaki kwenye chupa, kesho yatakupa jibu zuri lisilo la kweli. Nawaachia burashi. Iko chini ya sinki, upande wa kulia.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Waganga wa miti shamba walituletea magome, mizizi na majani. Tuliyakausha kivulini, kamwe si juani, tukayatwanga, tukayaloweka kwenye maji au spiriti, tukachuja, kisha tukageuza yale maji kuwa mvuke polepole mpaka likabaki tope jeusi linalong'ang'ania kijiko. Hilo tope ndiyo dawa yenyewe bila mbwembwe. Daktari alikuwa na tabia mbaya ya kuonja kila kitu kwa ncha ya ulimi, na aliwakataza wengine wote kufanya hivyo. Ladha aliyoikuta mara nyingi ni ule ukakasi unaokaza ulimi na mashavu. Unatokana na tanini, kitu kilekile kinachotumika kulainishia ngozi za ng'ombe. Wekeni tanini akilini, maana itarudi.

Miaka ya mwanzo tulipima dawa za vidonda, za minyoo, za homa. Kisha ikaja zebaki. Ninyi mmekulia huku, hakuna haja ya kuwaeleza sana. Mchimbaji mdogo anasaga mawe kwenye mashine ya karasha, anaosha unga kwenye mwalo, uwanja wa kuoshea mchanga wa dhahabu, anachanganya zebaki kwa mikono mitupu mpaka ikamate dhahabu, kisha anachoma. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Ila huo moshi hauendi mbali. Unaingia puani kwa mchomaji, unapita kwenye damu, unafika kwenye ubongo na kuanza kuharibu seli za mishipa ya fahamu. Mtu anaanza kutetemeka mikono. Anakosa usingizi, anasahau, anakuwa mkali kwa mambo madogo. Majirani wanasema amerogwa au amezidisha pombe, na wakati mwingine mwenyewe naye anasema hivyo.

Waganga kadhaa wa upande wa Geita walikuwa wakituambia wana magome yanayotuliza mikono ya wachomaji. Daktari akaamua tuwachukulie kwa uzito. Tungejiuliza swali moja tu: je, kuna kitu ndani ya mti kinachoweza kuilinda seli ya fahamu isiuawe na sumu?

Swali zuri, lakini seli za fahamu hazipatikani dukani. Zinapatikana kwenye yai. Ukichukua yai la kuku wa kienyeji ambalo limelaliwa kiasi, ukalifungua kwa upande wake butu, ukatoa kile kijusi kwa koleo jembamba, ubongo wake unaweza kuukatakata, kuuchuja na kuutandaza kwenye vibakuli vyenye chakula maalumu. Ukiutunza kwenye joto la kuku anayeatamia, seli zinaendelea kuishi. Mimi nakaa Ngokolo, kwa hiyo kazi ya kutafuta mayai niliangukiwa nayo mimi. Wanawake wa mtaani kwetu wamezoea mteja anayelitikisa yai sikioni na kulirudisha akihisi limelaliwa. Mimi nilikataa mabichi, nikataka yaliyolaliwa, tena niliuliza yamelaliwa tangu lini. Jirani yangu wa kwanza kumwuliza alikwenda kunishtaki kwa mjumbe. Baada ya maelezo marefu nilisamehewa, nikapewa jina la Mama Mayai, na jina hilo lilinifuata mpaka Kahama.

Ukizitazama kwenye hadubini baada ya siku chache, seli hizo zinatoa nyuzi nyembamba zinazotafutana, kama mizizi ya kitunguu ulichokiweka juu ya glasi ya maji. Ukidondosha zebaki iliyoyeyushwa, nyuzi zinajikunja, seli inakuwa duara, kisha inapasuka. Nimeliona jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka na sikulizoea. Umeme nao ulikuwa na desturi ya kukatika siku seli zimependeza. Tukaomba jenereta, tukapewa jenereta bila mafuta, tukaomba mafuta. Tuendelee.

Asubuhi moja akaja mwanamke mzima, kajifunga kanga kifuani, rozari shingoni, na furushi la magome mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa na kuanza kwa kutuweka sawa. Yeye ni mganga wa miti shamba na si wa ramli, na misa ya Jumapili haimpiti. Anatoka ng'ambo ya Ushirombo. Jina alilotupa ni Mama Masanja, na huyo Masanja ndiye aliyemleta. Mwanawe alikuwa akiwachomea watu zebaki, mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, na kila asubuhi yeye mama alimchemshia gome lile. Masanja alilinywa, akashushia maziwa ya mgando kama wachomaji wote wanavyofanya, kisha akaingia kwenye moshi uso wazi.

Daktari alimwuliza kwa nini asimkataze tu. Akasema amemkataza mpaka sauti imekauka. Wataalamu wa barakoa na wa vifaa vya kuchomea wamekuja, wakapiga picha na wakaondoka. Masanja anawaambia wote kwamba dawa ya mama yake inamtosha. Kisha mama huyo akasema neno ambalo ndilo lililotufanya tufanye kazi ile yote.

"Gome hili nampa kwa mkono wangu mwenyewe. Nataka mniambie, ninachompa ni kinga, au ni moyo wa kuingia kwenye moto?"

Mti wenyewe tuliupa namba. Mkiifahamu namba, mnaufahamu mti, nanyi fungeni midomo.

Tulianza kupima. Vibakuli vilivyopewa zebaki peke yake vilikufa kama kawaida. Vilivyopewa maji ya gome kwanza, kisha zebaki, vilisimama. Nyuzi zote zilikuwa mahali pake. Nilidhani nimechanganya lebo, nikarudia, zikasimama tena. Daktari Bugumba, ambaye tabasamu lake lilikuwa la msimu kama kumbikumbi, alitabasamu. Nakiri nilifurahi mno. Nilirudi Ngokolo nikinunua mayai bila hata kupatana bei.

Habari njema haikai kabatini. Mtu mmoja alilisema jambo hilo kwenye kikao, mwingine akalisikia nusu, na haukupita muda mrefu unga wa gome ukawa unauzwa kwenye mialo ya Geita kwa vifuko, muuzaji akiapa kwamba umepimwa Shinyanga na unazuia zebaki. Lisemwalo lipo, nalo hili lilikuwepo kwenye vibakuli vyetu tu, wala halikuwa limekomaa.

Daktari akanituma nikachukue magome mengine na nikawaone wanaoyatumia. Nilipanda basi, nikapita Kahama na vifusi vya mgodi wa Buzwagi, nikalala Ushirombo, asubuhi nikafika kwa Mama Masanja. Alinipokea kwa "Mwangaluka" yake ya Kisukuma, nami nikamwitikia, akafurahi kwamba ujuzi wa mjini haujaninyang'anya lugha.

Masanja alikuwa kijana mkubwa wa mwili, mchangamfu, mwenye kicheko kinachotangulia maneno. Alileta jagi na beseni kuninawisha mikono, kama inavyompasa mwenyeji. Jagi likaanza kugonga ukingo wa beseni, likigonga na kugonga, na maji yakaenda kila mahali isipokuwa kwenye mikono yangu. Sketi yangu ikalowa. Akacheka, akasema jagi hilo lina wazimu. Mama yake aligeuza uso akatazama ng'ombe. Nilimhurumia yule mama kuliko nilivyomhurumia mwanawe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama Masanja alikuwa amewaambia nyumbani kwamba mgeni wao anaitwa Mama Mayai, kwa hiyo Kabula, mke wa Masanja, alikuwa jikoni anakaanga mayai. Nikaenda kumsalimia. Kikaango kilikuwa kikubwa na kizuri, lakini pembeni, juu ya usawa wa mafuta, kilikuwa na ukungu wa kijivu unaong'aa. Nyuma ya mafiga ilisimama chupa ya soda, na ndani yake zebaki. Nikauliza kwa upole hicho kikaango kina kazi gani nyingine. Kabula akanijibu bila wasiwasi kwamba mvua ikinyesha Masanja huchomea humo jikoni, ila baadaye yeye hukisugua vizuri kwa majivu.

Sasa fikirini. Kukataa chakula cha mwenyeji katika boma la watu ni tusi. Kuanza kuhubiri sumu wakati sahani iko njiani ni tusi na nusu, na nisingesikilizwa na mtu. Nikarudi nikaketi, na sahani ilipoletwa nikasema kuna dawa ninatumia, na dawa hiyo ina mwiko wa mayai.

Ilitosha. Kabula aliiondoa sahani haraka, akaniomba radhi kwa kutouliza mapema, akaniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye bakuli safi, na chai. Hakuna aliyeuliza ni dawa gani, wala nani kanipa, wala kwa nini mtu mwenye mwiko wa mayai aitwe Mama Mayai. Sisi tumelelewa hivyo. Dawa isiyo na mwiko tunaitilia shaka, na mwiko wa mtu haujadiliwi. Mama Masanja pekee ndiye aliyenitazama kwa muda, kisha akanimiminia chai.

Tulipomaliza kula niliwaeleza kuhusu kikaango. Kabula alisikiliza kwa adabu, akasema watatafuta kingine. Masanja akasema mayai ya kikaango hicho wameyala tangu zamani na hajafa mtu, na kwa upande wa moshi yeye ana gome, na gome limepimwa. Alisema "limepimwa" akinielekezea mimi mkono wake unaotetemeka, kama anayenishukuru. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu.

Nilimkuta Daktari naye ana jambo linalomsumbua. Alikuwa amechanganya maji ya gome na maji ya zebaki kwenye chupa tupu, bila seli yoyote, na kuyaacha mezani. Chini ya chupa kulikuwa na mashapo ya rangi ya udongo. Tanini ya gome ilikuwa imeikamata zebaki ndani ya maji na kuishusha chini. Kwenye vibakuli vyetu, basi, zebaki haikuwa imezifikia seli hata kidogo.

"Tumelinda bakuli," akasema. "Seli bado hatujui."

Tukaanza upya. Safari hii tulizipa seli gome, tukaziacha zilinywe, tukaziosha gome lote likaondoka, ndipo tukatia zebaki. Nyingi zilikufa. Zilizobaki zilikuwa chache, ila zilikuwa nyingi kidogo kuliko za vibakuli visivyopewa gome. Kwa hiyo mti ule una kitu fulani kinachoingia ndani ya seli na kuisaidia kustahimili. Ni kitu cha kweli, nacho ni kidogo. Tulipotoa gome baada ya sumu badala ya kabla, hata hicho kidogo hatukukiona. Na Daktari akaongeza lililokuwa wazi ambalo furaha ilikuwa imetufumba macho tusilione. Kwenye kibakuli gome na zebaki vinakutana katika maji yaleyale, lakini kwa Masanja gome linakwenda tumboni na moshi unakwenda mapafuni, kwa hiyo hata ile kazi ya kuikamata zebaki njiani gome haliwezi kuifanya. Akavua miwani, akaniambia niandike matokeo hivyohivyo yalivyo. Vijana, siku mtakayofurahi, osheni seli kwanza.

Mama Masanja alikuja kuchukua jibu lake. Daktari alimweleza kwa chupa mbili na maji ya rangi, pale Kiswahili cha kitaalamu kilipokwama nikasaidia kwa Kisukuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. Je, mtu asiye kwenye moshi akinywa, linamsaidia? Daktari akasema huenda likamsaidia kidogo, hawezi kuapa. Aliye kwenye moshi halimkingi.

Niliogopa kwa ajili yake, maana jina lake lilikuwa limeenea kwenye mialo kwa sababu ya gome lile, na sisi tulikuwa tumelikata mbele yake kwa chupa mbili. Nikamwambia amweleze Masanja kama tulivyomweleza yeye.

"Nitamweleza, atasema mmeniibia dawa mkanidanganya. Sikio la kufa halisikii dawa." Akaanza kufunga furushi lake, kisha akasimama. "Siku ile uliposema una mwiko wa mayai, nani alikuuliza?"

"Hakuna, mama."

"Hata Masanja hakukuuliza. Na Masanja ni mbishi hata kwa padri."

Alirudi nyumbani akatangaza kwamba gome lile lina mwiko. Anayelinywa asikaribie moshi wa zebaki, na akikaribia, dawa itamgeuka. Wiki hiyohiyo habari zikatufikia Shinyanga. Daktari hakupendezwa. Alisema nusu ya kwanza ni matokeo yetu neno kwa neno, lakini hilo la kugeuka hatukulipima. Alipiga simu akamwomba yule mama aliondoe. Mama Masanja akamjibu kwa heshima zote kwamba mwiko usio na adhabu unakuwa ombi, na maombi amekwisha kuyapeleka. Mpaka anastaafu, Daktari hakuwa na raha na jambo hilo. Mimi nililala usingizi mzuri. Hatukuwahi kukubaliana, na bado tulikunywa chai pamoja kila siku saa nne asubuhi.

Msidhani ulikuwa muujiza. Wauza vifuko walimtukana. Wachomaji wengi waliacha gome wakaendelea na moshi, wakahamia mzizi mwingine usio na masharti. Lakini Masanja alikuwa amelelewa kwa miiko ya mama yake tangu hajaota meno. Alitii. Aliacha kuchoma, akaenda kufanya kazi ya mashine za karasha. Vumbi la karasha lina ubaya wake, lakini hiyo ni maabara ya mtu mwingine.

Baada ya miezi kadhaa Mama Masanja alinipigia simu, sauti yake ikiwa imeshuka. Wateja wa kuchoma walikuwa bado wanakuja nyumbani, na Masanja alikuwa hawagusi. Anayewachomea alikuwa Kabula. Kabula hanywi gome, kwa hiyo mwiko haumhusu. Anachomea jikoni, kwenye kikaango kilekile. Na ana mimba.

Nilikasirika kiasi kwamba niliondoka bila ruhusa ya maandishi, na wahasibu wanalikumbuka hilo. Nilipofika nilimkuta Kabula anapepeta mchele, tumbo limeanza kuonekana. Nilimwambia wazi kwamba zebaki inapita kwa mama ikamfikia mtoto, na kwamba nyuzi za fahamu za mtoto wa tumboni ni changa kama zile ninazozitazama kila siku zikijikunja. Alisikiliza akiangalia ungo. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hakuomba kazi hiyo, wateja walikuja na kikaango kilikuwepo. Masanja alijitetea kwamba mama alitamka mwiko ni wa anayekunywa, naye hajauvunja. Alisema kweli. Wakili asingeweza kusema vizuri zaidi.

Mama Masanja alituita sote tukakaa uani. Hakufoka. Alizungumza kama mtu anayekumbusha jambo ambalo kila mmoja alipaswa kulijua.

"Dawa haiingii kwa mtu, inaingia kwa nyumba. Anayekula chungu kimoja na mnywaji, mwiko ni wake. Aliye tumboni naye anakula chungu hichohicho. Na kikaango ni cha nyumba."

Masanja alitazama mikono yake, ambayo kwa kukaa mbali na moshi ilikuwa imetulia kidogo, nadhani akaona ana kitu cha kupoteza. Kisha Kabula akaweka ungo chini, akaingia jikoni, akatoka na kikaango na ile chupa ya soda, akaviweka miguuni kwa mama mkwe wake. Niliona mabega yake yanashuka kama ya mtu aliyetua ndoo. Nilitaka kulia, nikajishughulisha na mkoba.

Masanja alitaka kukitupa kikaango chooni. Nikamzuia, kwa sababu choo kinakwenda ardhini na ardhi inakwenda kisimani. Nilikifunga kwenye plastiki tabaka juu ya tabaka, na chupa nayo, nikavisafirisha nikiwa nimekaa kiti cha dirishani, dirisha wazi, abiria wenzangu wakilalamika upepo. Hicho ndicho kikaango mnachokiulizia. Chupa ilikwenda kwa wanaohusika na taka za sumu. Kikaango Daktari alisema kibaki, akaandika mwenyewe kwenye karatasi "Usiguse".

Mtaniuliza kama gome lilimsaidia Masanja. Sijui. Mikono ya mchomaji aliyeacha moshi mara nyingi hutulia yenyewe, kiasi, kwa muda. Gome huenda liliongeza kidogo kile tulichokiona baada ya kuosha. Ili kutenganisha hayo mawili ningehitaji akina Masanja wengi, nusu wanakunywa na nusu hawanywi, na wote wawe na mama mmoja. Kazi ya kukitafuta hicho kitu kidogo ndani ya gome nawaachia ninyi. Kipo. Ila jina la mti lisitoke mpaka mtu yeyote atakayelisikia asikie na mwiko wake palepale.

Kabla ya kustaafu nilikwenda kuwaaga. Masanja alileta jagi na beseni. Nilitazama mkono wake, kwa mazoea ya kazi, na nadhani sote pale uani tulikuwa tunatazama. Ulitetemeka kidogo alipoinamisha jagi. Maji yakashuka juu ya mikono yangu, yakaingia kwenye beseni, na sketi yangu ikabaki kavu. Mama yake safari hii hakutazama ng'ombe.

Kabula alitoka jikoni na sahani ya mayai, mtoto wake wa kike akimfuata nyuma ameshika kanga. Nilikuwa nimeshampa mtoto punje ya haragwe aiokote, nione vidole vyake vinavyofanya kazi, akaiokota vizuri kwa vidole viwili na kuitia mdomoni kabla sijaizuia. Kabula alifika mbele yangu akasimama, akakumbuka.

"Jamani mama, nisamehe. Nimesahau mwiko wako."

Kupitia mlango wa jikoni nilikiona kikaango kipya, cheusi, kimetundikwa ukutani. Nikamwambia mwiko wangu umekwisha.

Masanja akauliza hiyo dawa niliyokuwa natumia ilikuwa ya nini. Ndiye mtu wa kwanza kuniuliza, miaka yote hiyo. Nikafungua mdomo, lakini mama yake akanitangulia.

"Usimuulize mtu dawa yake," akasema, akanisogezea chumvi.

Nikala mayai yote, na Kabula akaniongezea.